Kirangozi, Redio na Ramani: Njia na Sauti katika Nchi ya Wasukuma

Ziko jamii zilizopata majina kutokana na milima yao, nyingine kutokana na mito, na nyingine kutokana na babu aliyewazaa. Jina la Wasukuma ni la namna nyingine, kwa kuwa ni jina la upande wa dunia. Katika lugha za Wasukuma na Wanyamwezi, sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, na ng'weli ni magharibi. Mtu wa Tabora alipomwita jirani yake Msukuma, alikuwa kana kwamba anamnyooshea kidole kuelekea kaskazini. Na jirani huyo naye, akigeuka kumtazama aliyemwita, aliona Mdakama, yaani mtu wa kusini. Basi hapa tuna watu ambao kila walipojitaja walitaja pia mahali waliposimama na upande walioelekea. Watu wa namna hiyo hawawezi kuwa wageni katika elimu ya njia.

Yafaa tulikumbuke jambo hilo tunapowatazama vijana wetu wa bodaboda katika miji ya Shinyanga, Kahama, Masumbwe, Katoro na Geita. Pikipiki ya kijana wa leo si chombo cha magurudumu mawili tu. Juu ya usukani imefungwa simu inayoonyesha ramani, na kialama kidogo kinatembea juu ya ramani hiyo kadiri pikipiki inavyokwenda. Wako na waliozidi hapo: wamemwendea fundi, naye akawatengenezea mtambo wa muziki wenye kioo cha kugusa kwa kidole, akaunganisha spika mbili au nne na betri ya pikipiki. Wazee husikitika na kusema kwamba huu ni upuuzi ulioletwa na fedha za dhahabu. Vijana nao hujibu kwamba hayo ndiyo maendeleo. Insha hii haikusudii kumpa ushindi upande mmoja. Yakusudia kuonyesha kwamba njia na sauti zimesafiri pamoja katika nchi hii tangu zamani, na kisha kuuliza ni lipi katika urithi huo tusilopaswa kulipoteza njiani.

Katika karne ya 19, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa miongoni mwa wapagazi mashuhuri kabisa wa Afrika Mashariki. Walichukua pembe za ndovu na bidhaa nyingine baina ya bara na pwani, safari ya miezi kwa miguu. Msafara uliongozwa na kirangozi, mtu aliyeijua njia, visima vyake na desturi za watawala waliotawala kando yake. Kirangozi alitangulia mbele, bendera ikipepea na ngoma ikilia karibu naye, na wapagazi waliitikia nyimbo zilizopimwa kwa hatua zao. Hapo ngoma na nyimbo havikuwa anasa. Sauti iliwakusanya waliotawanyika, iliwatia nguvu waliochoka, na iliwapa taarifa wenyeji kwamba wanaokuja ni wasafiri wala si maadui. Na njia ilipogawanyika, kirangozi aliifunga ile isiyofaa kwa kuweka tawi au kuchora mstari ardhini, ili aliye nyuma asipotee. Tawi lile lilikuwa ramani, nayo ilisomwa na mtu yeyote, hata asiyejua herufi moja.

Kwa njia hizo hizo ndimo alimopita Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1858, alipotoka Tabora kuelekea kaskazini, akaliona ziwa kuu mnamo tarehe 3 Agosti. Alikuwa na dira na vipimo, lakini njia aliyoikanyaga ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wenyeji kwa vizazi vingi. Hata hivyo, katika ramani ya dunia ziwa lile halikubaki Nyanza tu, kama lilivyoitwa na watu wake. Lilipewa jina la malkia wa Uingereza, aliyekuwa hajaliona. Hili ni somo la kwanza kwa mwanafunzi wa historia: ramani haisemi tu mahali palipo, husema pia nani aliyeshika kalamu.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga. Pamba nayo ilienea, na mwaka 1955 wakulima wa kanda ya ziwa waliunganisha vyama vyao katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Fedha za pamba zilileta vitu viwili vilivyobadili safari: baiskeli na redio. Utangazaji ulikuwa umeanza Dar es Salaam mwaka 1951, na baada ya Uhuru redio ilifanywa shule ya taifa zima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya wanavijiji katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 1970 twamkumbuka mkulima akirudi kutoka mnadani, redio imening'inia kwenye usukani wa baiskeli, na watoto wakimkimbilia nyuma ili wasikosi mwisho wa wimbo. Redio ile ilikuwa ya mtu mmoja, lakini sauti yake ilikuwa ya njia nzima. Hapana shaka kwamba mtambo wa muziki wa bodaboda ni mjukuu wa redio ile.

Baiskeli iliendelea kuwa mfalme wa Shinyanga kwa muda mrefu, hata ikawa chombo cha kubebea abiria mjini. Jina bodaboda lenyewe lilitoka mbali, mpakani Busia baina ya Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoenea katika miaka ya 2000, jina lile lilihama kutoka baiskeli likaenda kwenye pikipiki. Mwaka 2010 zikatolewa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na kazi iliyokuwa ya kubahatisha ikaanza kutambuliwa na Serikali.

Upande wa Geita palikuwa na sababu nyingine ya mwendo. Dhahabu ilijulikana huko tangu zama za Wajerumani. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Pembeni mwa migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, na maisha ya wachimbaji wadogo ni ya kuhama. Habari ikivuma kwamba mahali fulani pameonekana dhahabu, watu humiminika huko kwa maelfu. Katika muda mfupi porini pamekuwa na maduara, makarasha, migahawa na vibanda vya kuuzia vocha za simu. Wachimbaji wenyewe huita mbio hizo rashi. Mahali hapo hupewa jina na wachimbaji, pengine kwa mzaha, na hakuna mchora ramani aliyewahi kufika. Anayefika kwanza ni kijana wa pikipiki. Yeye ndiye kirangozi wa zama hizi, naye ndiye anayejua ni kijito gani kinachopitika.

Ramani iliyo katika simu yake inafanyaje kazi? Juu ya dunia, umbali wa kilomita 20,200 hivi, huzunguka setilaiti za mfumo wa GPS uliotengenezwa na Marekani; ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Kila setilaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo. Simu hupokea matangazo hayo, hupima tofauti ndogo sana za muda, na ikipata walau setilaiti nne huweza kujua mahali ilipo. Ni redio inayopokea tu, isiyojibu. Kwa hiyo simu yaweza kujua ilipo hata pasipo mtandao. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakipunguza kwa makusudi usahihi wa matangazo yaliyotolewa kwa raia. Walipoacha, chombo hiki kikawa na manufaa ya kweli kwa mtu wa kawaida. Lakini tuangalie vema: setilaiti hutueleza mahali tulipo tu. Hazituelezi kama njia iliyo mbele yetu yapitika, wala mahali hapo panaitwaje. Hayo sharti yaandikwe na watu.

Nalikumbuka hilo siku moja ya Februari nilipokuwa safarini kikazi katika Wilaya ya Bukombe. Kijana aliyenibeba alikuwa hodari, mtambo wake wa muziki ukiunguruma, naye akifuata mstari mwembamba uliokatiza mbuga katika kioo cha simu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipoingia mbugani, udongo mweusi ukashika magurudumu, tukateremka kusukuma. Mbele yetu mama mmoja mzee alikuwa akipalilia mpunga. Kijana akazima muziki, akavua kofia yake ngumu, akasema: "Mwangaluka, mayu." Mama akaitikia, akatuuliza habari za tulikotoka, kisha akatutazama kwa huruma. "Wanangu," akasema, "hiyo mliyoishika ni njia ya kiangazi. Masika ni ya maji." Akatuelekeza kuzunguka kwa mibuyu mitatu, hata tufike mahali panapoitwa kwa jina la mtu aliyechimba kisima hapo zamani, na toka hapo tushike kulia. Tulifika salama. Jioni nililitafuta jina lile katika ramani ya simu, nisilione.

Mambo mawili yalinigusa. La kwanza ni kwamba katika jina lile moja mlikuwa na historia: palikuwa na ukame, palikuwa na mtu aliyechimba, na watu wakamshukuru kwa kulihifadhi jina lake. La pili ni kwamba ili aweze kuuliza njia, kijana ilimpasa kwanza azime muziki. Kuuliza si ujinga, lakini hakuna anayeweza kuuliza wala kujibiwa katika kelele.

Jambo la pili ndilo lenye hatari zaidi. Sauti katika Usukuma ilikuwa na kazi iliyojulikana. Ngoma ya bugobogobo iliwapa wakulima mwendo mmoja wa jembe. Ukunga wa mwano uliita kijiji kizima penye hatari. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walipoanza kupambana na wezi wa ng'ombe katika Kahama na Shinyanga, ni ukunga huo uliowakusanya watu kutoka kijiji hata kijiji. Kwa ukunga kufanya kazi, sharti pawe na kimya cha kuusikia. Mtambo unaopigwa usiku wa manane katikati ya makazi humnyima mgonjwa usingizi na humnyima jirani sikio lake la tahadhari. Barabarani nako humzuia mwendeshaji asisikie honi ya lori lililo nyuma yake, na kioo cha kugusa humwondolea macho njiani. Ni vijana wangapi tumewazika, nasi bado twasema ni ajali tu? Kirangozi wa kale hakupiga ngoma ili asisikie. Alipiga ngoma ili asikiwe, naye akibaki mwenye masikio.

Hata hivyo, tusikilaumu chombo kwa makosa ya mkono. Katika Sengerema na Shinyanga ulijaribiwa mpango wa m-mama, ambao tangu mwaka 2022 umepelekwa katika mikoa mingine nchini. Mama mjamzito au mzazi apatwapo na dharura, hupigwa simu bila malipo kwa namba 115, na pasipokuwa na gari la wagonjwa lililo karibu, hutafutwa dereva wa jamii aliye jirani ili amfikishe hospitali. Hapo kujua njia ni kuokoa roho mbili. Hali kadhalika, mwaka 2022 Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, mitaa ikapewa majina na nyumba namba. Na katika Mkoa wa Mara, tangu mwaka 2015, watu wa kujitolea wamekuwa wakijaza vijiji katika ramani huria, ili wasichana wanaokimbia kukeketwa waweze kufikiwa. Kalamu iliyoliandika ziwa letu kwa jina la malkia sasa imo pia mikononi mwetu.

Basi wajibu wa walimu na wanafunzi wa Shinyanga na Geita uko wazi. Kila shule ya sekondari imezungukwa na majina ya vilima, visima, vivuko na mibuyu. Wanafunzi na waende kwa wazee, wayaandike majina hayo pamoja na maana zake. Waulize ni njia ipi ya kiangazi na ipi ya masika. Kisha wayatie katika ramani ambazo kila simu yaweza kuzisoma. Wawaalike pia vijana wa bodaboda darasani, kwa maana wanayo elimu ambayo haijaandikwa katika kitabu chochote. Na vijana hao nao na wakumbushwe adabu ya njia: kofia ngumu kichwani, macho mbele, na sauti ya muziki isiyozidi sauti ya binadamu anayeomba msaada.

Yule mama wa mbugani hatakuwapo siku zote kupalilia mpunga wake kando ya njia. Akiondoka kabla hatujamuuliza, setilaiti zote zilizo angani zitaendelea kutuambia tulipo, wala hatutakuwa na mtu wa kutuambia kwamba mbele ni maji.