Kanda, flashi na kifungo cha miaka minne

  Nchini Uganda, wizi wa nyimbo nao una jela kisheria.

Uganda ilipata Sheria yake ya Hakimiliki mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru. Kisha ikaja kaseti. Redio yenye sehemu mbili za kanda ilitosha kumfanya mwenye duka mzalishaji wa muziki, na mwimbaji akabaki kusikia wimbo wake ndani ya teksi bila kuona shilingi. Wanamuziki walianzisha chama chao cha kukusanya mirabaha, UPRS, katika miaka ya 1980.

Kesi zinazokumbukwa, hata hivyo, zilifunguliwa na wenye mawakili. Mwaka 1997 kampuni ya London ya John Murray ilikwenda Mahakama Kuu kwa ajili ya nakala haramu za kitabu cha baiolojia cha mwandishi Mackean. Mwaka 2003 UPRS ilimshtaki Fred Mukubira kwa ukiukaji wa hakimiliki, ikaomba amri ya kuingia ghafla mahali pa mshtakiwa na kukamata ushahidi. Amri hiyo ina maana kubwa: mwenye duka akipewa taarifa ya wito, kanda zote zitakuwa zimehamishwa usiku.

Sheria mpya ya hakimiliki ya 2006 iliongeza makali. Anayekiuka haki za kiuchumi za mtunzi anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 2, kufungwa hadi miaka minne, au vyote viwili. Kando ya hayo, mtunzi anaweza kudai fidia na zuio mahakamani. Haki hizo za kiuchumi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kutafsiri nako kunahitaji ruhusa, jambo linalowagusa hata mavijeyi wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiganda kwenye vibanda vya video. Leo kaseti imekufa, lakini maduka yanayoitwa laiburari yanajaza filamu kwenye flashi mchana kweupe.

Meya wa zamani wa Kampala, Nasser Sebaggala, aligundua upande mwingine wa sheria hiyo. Aliishtaki kampuni ya simu ya MTN mwaka 2012 kwa kuuza sauti yake kama miito ya simu, akashindwa: mahakama iliamua kwamba hakimiliki ya rekodi ni ya aliyeirekodi, wala si ya aliyesema.

Hapo ndipo unapoingia mji wa Mbale, kwa Wamasaba. Sheria ya 2006 inataja pia sanaa za jadi, nayo kadodi, ngoma ya tohara ya imbalu, ni ya Wamasaba wote. Lakini anayekuja Mutoto, nje kidogo ya Mbale, na kinasa sauti huondoka na rekodi ambayo ni mali yake. Wapigaji ngoma watamshtaki kwa jina la nani?