Tarehe ya Mvua Ndani ya Mbao

Katika mwaka wa 1901 mwanafalaki mmoja wa Marekani, Andrew Ellicott Douglass, aliondolewa kazini katika jumba la kutazamia nyota lililoko Flagstaff, Arizona, kwa kosa la kutilia shaka jambo ambalo mwajiri wake, Percival Lowell, alikuwa amekwisha kulitangaza duniani kwa yakini, nalo ni kwamba mistari iliyoonekana juu ya sayari ya Mirihi ilikuwa mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Douglass alikuwa ametengeneza sayari za bandia, akazisimamisha mbali na kuzitazama kwa darubini ile ile, akakuta kwamba jicho la binadamu huweza kujichorea mistari mahali ambapo hapana mstari wowote. Naona inafaa kulieleza jambo hili kwanza, kwa kuwa mtu aliyepoteza kazi kwa kukataa kuliamini jicho moja na kioo kimoja ndiye aliyekuja kuasisi elimu ya kusoma pete za miti, na hadhari ile aliyokuwa nayo mbele ya darubini ndiyo iliyoisalimisha elimu hiyo tangu siku zake za mwanzo.

Nia yake ya kwanza haikuwa miti; ilikuwa jua. Wanafalaki walikuwa wakijua tangu karne ya 19 kwamba madoa meusi yaonekanayo usoni mwa jua huzidi na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 11, na Douglass alitaka kujua kama mzunguko huo una taathira yoyote juu ya mvua. Lakini daftari za mvua katika nchi ile kame zilikuwa changa mno, maana wageni walioleta vipimo walikuwa wamefika juzi tu. Basi, alipokuwa akisafiri kwa gari la farasi katika nyanda za juu za kaskazini ya Arizona, akiangalia jinsi mimea inavyobadilika kadiri ardhi inavyopanda, likamjia wazo kwamba, ikiwa jua latawala mvua, na mvua yatawala kukua kwa mti katika nchi isiyo na maji ya kutosha, haikosi habari za jua zimo ndani ya mti, mwaka baada ya mwaka, na mwenye subira aweza kuzitoa. Kuhusu jua hakupata kamwe ithibati iliyowaridhisha wenziwe. Kuhusu mvua alipata zaidi ya alivyotafuta.

Msonobari wa nchi zenye baridi husita kukua wakati wa kipupwe, na joto lirejeapo huanza kujenga chembe pana zenye kuta nyembamba, ambazo rangi yake ni ya weupe. Kisha siku zinavyosonga na udongo kukauka, chembe huwa ndogo, kuta zake nene, na rangi yake hukoza, mpaka mti usite tena. Pale weusi wa mwaka uliokwisha unapopakana na weupe wa mwaka ulioanza ndipo pete moja inapokomea. Mwaka wa neema huacha pete pana, na mwaka wa ukame huacha pete nyembamba, pengine nyembamba kama unywele. Ila si kila mti ufaao kwa ushahidi: ule uliosimama kando ya mto, mizizi yake ikinywa bila kujali mbingu imefanya nini, hutoa pete zilizolingana ambazo hazimwambii mtu kitu, ilhali ule uliojishikiza juu ya mteremko wa mawe, uliodumaa na kupindana, ambao mpasua mbao hautazami mara mbili, ndio ulioonja kila kiangazi na kukitunza.

Wengi hudhani kwamba kazi yote ni kuhesabu, lakini kuhesabu peke yake hupotosha, kwani katika mwaka wa ukame mkali mti huweza kukosa kabisa kuweka pete upande mmoja wa shina, na katika mwaka ambao mvua ilikatika katikati kisha ikarudi, huweza kuweka mbili. Dawa aliyoigundua Douglass ilikuwa kulinganisha mti na mti. Alizoea mpangilio wa pete za Flagstaff, yaani mahali nyembamba zinapofuatana, mahali pana inapoingia kati, mpaka siku moja, akikitazama kisiki katika shamba la mtu, akautambua mpangilio huo na kumtajia mwenye shamba mwaka ambao mti ulikatwa, naye akakiri kwamba ndivyo. Na mwaka wa 1911, alipoikuta miti ya Prescott, takriban kilomita 100 kutoka Flagstaff, ikiwa na mpangilio ule ule, alifahamu kwamba haandiki habari za mti mmoja mmoja bali habari za mbingu iliyoifunika nchi nzima.

Kazi yenyewe, mpaka leo, ni ya mikono na macho. Mti ulio hai haukatwi. Hutobolewa kwa keekee yenye uwazi ndani, itoayo kijiti chembamba kama kalamu ya risasi, kutoka gome hadi moyo. Kijiti hicho hugundishwa juu ya kipande cha ubao, hupigwa msasa, kwanza wa kukwaruza kisha wa laini na laini zaidi, hata chembe zenyewe zionekane chini ya kioo cha kukuzia; ndipo msomaji hutia alama kwa ncha ya sindano, tundu moja kila mwaka wa 10, mawili kila mwaka wa 50, na matatu kila mwaka wa karne. Asubuhi nzima huweza kwisha juu ya urefu wa kiganja.

Sifa ya Douglass, hata hivyo, ilienea kwa sababu ya magofu. Katika mwaka wa 1914 Clark Wissler, wa jumba la makumbusho ya maumbile la New York, alimwandikia kumuuliza kama mbinu hiyo ingeweza kuyapa umri majumba ya mawe ya wenyeji wa kale wa kusini-magharibi ya Marekani, ambayo dari zake zilishikiliwa na boriti za msonobari, na ambayo hapakuwa na mtu aliyejua yamejengwa lini. Boriti zikaanza kuletwa, khasa kutoka Pueblo Bonito katika bonde la Chaco, jumba moja lenye vyumba zaidi ya 600. Zilioana zenyewe kwa zenyewe barabara, hata Douglass akaunga mfululizo wa miaka 585. Lakini mfululizo huo ulikuwa ukielea, maana haukugusana popote na ule mwingine aliouanzia katika miti iliyo hai na kurudi nao nyuma hadi karne ya 13. Aliweza kusema kwamba chumba hiki kimejengwa miaka kadhaa baada ya kile, asiweze kusema ni katika karne gani. Fikiri adhabu ya mtu aliye na kitabu cha tarehe kilichotimia kurasa zote, kasoro ile moja yenye jina la mwaka.

Safari tatu zilifanywa kwa gharama ya National Geographic Society, katika miaka ya 1923, 1928 na 1929, kuitafuta boriti ya kuunga. Tarehe 22 Juni 1929, katika kijiji cha Show Low, Arizona, vijana wawili waliokuwa wakimsaidia, Lyndon Hargrave na Emil Haury, walifukua kipande cha boriti iliyoungua na kuwa makaa. Kuungua huko ndiko kulikoihifadhi, kwa kuwa makaa hayaliwi na mchwa wala hayaozi, ila yalikuwa mepesi kuvunjika, ikabidi yafungwe kwa uzi na kunyweshwa nta iliyoyeyushwa ndipo yaweze kushikwa. Boriti ikapewa nambari HH-39. Usiku ule, kwa mwanga wa taa, Douglass akaisoma pete kwa pete, akakuta inaanzia mwaka wa 1237 na kukomea 1380, na kwamba pete zake za ndani zaoana na mwisho wa ule mfululizo uliokuwa ukielea. Mara moja miaka yote 585 ikashuka na kukaa mahali pake. Tarehe ikawa inarudi bila kukatika hadi mwaka wa 700, na Pueblo Bonito, pamoja na magofu kadhaa mengine, yakapata umri wake kwa usiku mmoja. Boriti ya kale kabisa aliyokuwa nayo kutoka jumba lile ilikuwa imekatwa mwaka wa 919.

Katika mfululizo ulioungwa pakaonekana jambo jingine ambalo mwanafalaki hakulitafuta, nalo ni pete nyembamba zilizosongamana kuanzia mwaka wa 1276 hadi 1299, miaka ipatayo 24, ambayo imekuja kuitwa Ukame Mkuu. Ni katika miaka hiyo hiyo wakaaji wa Mesa Verde, waliojenga majumba yao ndani ya mapango ya majabali, walipoyaacha wasirudi tena. Wataalamu wa baadaye wameonya, na kwa insafu, kwamba watu hawahami kwa ukosefu wa mvua peke yake, kwani palikuwa pia na vita, na baridi iliyofupisha majira ya kulima, na kuni na wanyama waliokwisha kupungua. Walakini ukame umo katika sababu, nao wajulikana mwaka hata mwaka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi naliona kuwa zito kuliko magofu yote. Novemba 24, 1922, huko Santa Fe, chini ya uenyekiti wa Herbert Hoover, wajumbe wa majimbo saba walitia sahihi mapatano ya kugawana maji ya mto Colorado, wakiyapa majimbo ya juu fungu moja na ya chini fungu jingine, jumla yake mita za ujazo zipatazo bilioni 18.5 kwa mwaka. Daftari walizozitegemea zilikuwa za miongo michache tu. Katika jimbo la Arizona, mojawapo ya hayo saba, Douglass alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake cha kwanza juu ya pete za miti na mizunguko ya hali ya hewa miaka mitatu kabla, yaani mwaka wa 1919. Shahidi alikuwa karibu, na hakuitwa. Ulipofika mwaka wa 1976, Charles Stockton na Gordon Jacoby walikusanya pete za miti ya bonde zima la mto huo, wakakadiria maji yake kwa zaidi ya miaka 400 ya nyuma, wakakuta kwamba wastani wa kweli ulikuwa karibu bilioni 16.7, na kwamba miongo ile ya mwanzo wa karne ya 20, ambayo wajumbe waliifanya kuwa kipimo, ilikuwa ya mvua nyingi kuliko kawaida ya karne zote hizo. Waligawana, basi, maji ambayo mto haukuwa nayo, na juu yake, kwa mkataba wa 1944, Meksiko nayo ikaahidiwa fungu lake. Utafiti mwingine wa mwaka wa 2007, uliorudi hadi mwaka wa 762, ulionyesha katikati ya karne ya 12 kipindi cha miaka 25 ambacho mto ulipungukiwa kuliko wakati wowote uliopimwa kwa vyombo. Mabwawa yalikuwa yamekwisha kujengwa, miji imekwisha kukua, mashamba yamekwisha kuzoea kunyweshwa. Na Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi katika mto huo.

Elimu yenyewe ilikwisha kuenea mbali zamani. Edmund Schulman, mwanafunzi wa Douglass, alikuta katika milima ya White Mountains, California, misonobari iliyo hai yenye umri uliozidi miaka 4,000. Na katika kisiwa cha Java, mwaka wa 1931, mtafiti aitwaye Berlage alitoa mfululizo wa pete za msaji, mti ule ule ambao mabaharia wa bahari yetu wanaujua kwa mbao za jahazi, kuanzia mwaka wa 1514 hadi 1929.

Kwetu sisi kwenye joto, ilisemwa kwa muda mrefu kwamba miti haina pete za kuaminika, kwa kuwa hapana kipupwe cha kuisitisha. Na kweli, penye masika na vuli, mti mmoja aghalabu hupata vipindi viwili vya kukua ndani ya mwaka mmoja, na msomaji akahesabu mbili palipo moja. Lakini hukumu hiyo ilikuwa pana mno. Katika ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, watafiti walionyesha mwaka wa 2004 kwamba mkoko, mti wa zile boriti za nyumba za Lamu na Unguja na za nchi za Ghuba, huweka pete ya mwaka, sehemu yake yenye mishipa michache wakati wa mvua na sehemu yenye mishipa mingi wakati wa kiangazi. Ila boriti ni nguzo za miti michanga, na habari zake hazirudi mbali.

Mninga hurudi mbali zaidi. Katika nchi za miombo, ambako mvua ni moja kwa mwaka, mti huu hupukutisha majani kiangazi kikishika, ukasita kama usitavyo msonobari kwenye baridi, na pete zake ni bayana. David Stahle wa Chuo Kikuu cha Arkansas na wenzake waliisoma mininga iliyokatwa katika msitu wa Mzola, magharibi mwa Zimbabwe, na kutokana nayo ikapatikana tarehe ya mvua tangu mwaka wa 1796 hadi 1996, ambamo miaka ya 1882 hadi 1896 inaonekana kuwa ya ukame wa kuandamana, wakati ambapo katika sehemu kubwa ya nchi hizo hapakuwa na kipimo cha mvua hata kimoja. Miti hiyo hiyo ilifundisha pia kwamba mninga huchukua karibu karne nzima kufikia unene wa kuuzika.

Miombo ya namna hiyo yatanda kutoka Tabora na Katavi hadi Ruvuma, na humo mninga wenye umri mkubwa ndio wenye shina nene, na wenye shina nene ndio unaotangulia kwenda kwa msumeno. Sidai kwamba usikatwe. Vitanda na milango ni haki ya watu. Nadai tu kwamba katika kila shehena ya magogo manene kihifadhiwe kisahani kimoja, unene wa vidole viwili, kilichokatwa chini ya shina na kuandikwa jina la msitu na mwaka wa kukatwa, kabla gogo halijapasuliwa mbao na pete zake kutawanyika katika vyumba vya watu ambao hawatajua zilikuwa zikisema nini.