Billón si bilioni

Anayejifunza Kihispania akishavuka mia moja hugundua kwamba mamia nayo yana jinsia. Vitabu 200 ni doscientos libros, lakini nyumba 200 ni doscientas casas. Kisha 500, 700 na 900 huenda njia yake: quinientos, setecientos, novecientos. Hizo ni za kukariri tu.

Mtego wenyewe ni billón. Hii si bilioni yetu yenye sifuri 9. Ina sifuri 12. Bilioni moja kwa Kihispania ni mil millones, yaani milioni elfu moja. Mwandishi wa habari za bajeti akiteleza hapo, amelikuza deni la taifa mara 1,000!

Namba za mpangilio ni nafuu. Primero na tercero huacha o ya mwisho mbele ya nomino ya kiume: primer piso, tercer piso. Kupita kumi, wasemaji wengi hurudia namba za kawaida. Mfalme Felipe VI husomwa sexto, ila Alfonso XIII, babu wa baba yake, ni trece. Basi jifunze vizuri hadi décimo. Vigésimo na wenzake watakusubiri.