Kodi ya Mtu Asiye na Karatasi

Wapo wanaodai kwamba mhamiaji asiye na kibali katika Marekani ni kupe, anayekula asichochangia. Dai hili linafaa kupimwa kwa historia.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wenye mashamba makubwa wa Marekani walihitaji watu wa kazi. Serikali yao ikapatana na Meksiko, na hadi mwaka 1964 mikataba ya kazi ipatayo milioni 4.6 ilitiwa saini. Wafanyakazi hao walikuwa na vibali. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo asilimia 10 ya ujira wao ilikatwa iwe akiba ya kulipwa warudipo kwao, wengi hawakuiona. Mpango ulipofungwa, mashamba hayakufungwa. Sheria ya mwaka 1965 ikaweka, kwa mara ya kwanza, kikomo cha jumla kwa wahamiaji watokao nchi za Amerika. Jasho lilikuwa lile lile. Kilichokosekana ni karatasi.

Sheria ya mwaka 1986 iliwahalalisha watu wapatao milioni 2.7, na ikamtaka mwajiri akague karatasi za kila anayemwajiri. Waliokuja baadaye walitumia namba za kughushi au za kuazima. Mwajiri huipokea namba na kukata mshahara: asilimia 6.2 kwa Hifadhi ya Jamii na 1.45 kwa matibabu ya wazee. Naye hutakiwa kutoa kiasi hicho hicho.

Fedha hizo huenda wapi? Huingia katika mfuko wa pensheni. Jina lisipolingana na namba, kumbukumbu ya mshahara huwekwa katika jalada la mishahara isiyo na mwenyewe. Wataalamu wa Hifadhi ya Jamii walikadiria kwamba mwaka 2010 wafanyakazi hao na waajiri wao waliingiza dola bilioni 13, na mafao yaliyotoka yalikuwa kama bilioni 1. Pensheni ya mzee raia inasaidiwa na mtu ambaye hatapata yake.

Mwaka 1996 idara ya kodi ilianzisha namba ya mlipakodi kwa wasiostahili namba ya Hifadhi ya Jamii. Mwaka huo huo sheria nyingine iliwafungia misaada mingi ya serikali kuu. Zipo pia kodi zisizouliza jina: ya mauzo dukani, na ya nyumba iliyomo ndani ya pango. Taasisi moja ya utafiti wa kodi ilikadiria kwamba mwaka 2022 walilipa jumla ya dola bilioni 96.7.

Ni kweli, wapo wanaolipwa mkononi bila makato. Lakini hapo mwajiri naye huepa sehemu yake, na mfanyakazi mara nyingi huogopa kushtaki.

Aprili 2025 wizara ya fedha na ile ya usalama wa ndani zilitia saini makubaliano ya kupeana habari za walipakodi hao, na suala likafika mahakamani. Aliyejitokeza kulipa ndiye aliyeacha anwani yake.

Kada anayechambua jamii yoyote asiishie kuuliza nani ana kibali. Aulize pia nani anafanya kazi, nani anakatwa, na nani anafaidi makato hayo. Mtu anayetakiwa kulipa na kunyamaza anabebeshwa wajibu bila haki, na unyonge wake ni faida ya anayemwajiri.