Benchi la Wazee: Kazi ya Kila Siku ya Baraza la Usharika katika Vijiji vya Kilimanjaro

Usharika unapotimiza miaka mia moja, macho ya wengi huelekea kwenye mambo yanayoonekana: jengo la kanisa, kengele, jiwe la msingi, na picha za wamishonari na wachungaji zilizotundikwa ofisini. Mambo hayo yana heshima yake. Lakini katika sharika za vijijini zilizo kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuna kazi nyingine ambayo haikupigwa picha, nayo ndiyo iliyoushika usharika usisambaratike. Ni kazi ya wazee wa kanisa walioketi kwenye benchi, wakafungua kikao kwa Neno na sala, wakajadili sadaka, wagonjwa, ndoa, paa linalovuja na posho ya mwinjilisti, kisha wakafunga kikao na kurudi makwao jioni kwa njia za migombani.

Mizizi ya baraza

Misioni ya Kilutheri ya Leipzig ilianza kazi Machame mwaka 1893, ikafuata Mamba mwaka 1894 na Moshi ya Kale mwaka 1896. Wamishonari hawakukuta watu wasiojua kuketi na kushauriana. Wachaga walikuwa na wazee wa koo waliogawa vihamba, walioamua magomvi ya mifereji ya maji na kusimamia mahari. Walikuwa na mangi na wachili wake, na walikuwa na marika. Mtu aliyeitwa mzee alikuwa tayari na wajibu kabla Kanisa halijampa wajibu mwingine.

Mmishonari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Moshi ya Kale, aliliona jambo hilo kuliko wengine. Alifundisha kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo vitatu ambavyo watu walikuwa wanavyo: ukoo, ujirani na rika. Vijana wa kipaimara waliunganishwa katika vikundi vidogo ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake, na wazee wakapewa watu wa ujirani wao kuwatunza. Wapo waliomkosoa baadaye kwamba aliifunga Injili mno na desturi za kabila moja. Hata hivyo, mpango wa mzee mmoja kuwajibika kwa kaya anazozijua kwa majina na kwa shida zao ulibaki, na hadi leo mitaa ya usharika wa kijijini imesimama juu ya mpango huo.

Mtihani wa mwaka 1920

Thamani ya benchi la wazee ilijulikana siku walipoondoka waliodhaniwa kuwa ndio Kanisa lenyewe. Majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi mwezi Machi 1916, na mwaka 1920 wamishonari wa Leipzig walirudishwa Ujerumani. Wakati huo hapakuwa na mchungaji mzalendo hata mmoja mlimani. Wa kwanza walibarikiwa katika miaka ya 1930. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini walikuwa wachache na vituo vilikuwa vingi.

Katika hali hiyo walimu, wainjilisti na wazee ndio waliobaki na kundi. Mwalimu alifundisha watoto asubuhi na wakatekumeni baada ya hapo. Mzee alijua ni nani mgonjwa, ni nani ameanza kurudia matambiko, ni mjane yupi amenyang'anywa kihamba na shemeji zake. Hakuwa na mamlaka ya kutoa Sakramenti, wala hakudai kuwa nayo. Alikuwa na jambo moja tu: alikuwepo. Wamishonari wa Leipzig waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta sharika zilizokwisha kuonja kujitegemea. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 na Wajerumani wakaondolewa kazini kwa mara nyingine, wazee hawakuwa wageni wa mzigo huo.

Kutokana na mapito hayo inaeleweka kwa nini, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa muungano wa makanisa saba, na Askofu Stefano Moshi akawa kiongozi wake wa kwanza, neno kujitegemea halikuwa jipya masikioni mwa wazee wa vijijini. Walikuwa wamelifanyia kazi kabla hawajalisikia likitamkwa kwenye mikutano mikuu.

Kikao na ajenda zake

Baraza la usharika wa kijijini halikuwahi kuwa chombo cha maneno makubwa. Mchungaji ni mwenyekiti, katibu anaandika, mhazini anasoma hesabu, na wazee wa kila mtaa wanatoa taarifa. Kumbukumbu za kikao kilichopita husomwa kwanza na kuthibitishwa. Yatokanayo hufuata, na mara nyingi ndiyo yanayochukua muda mrefu kuliko ajenda mpya, kwa maana ni hapo mtu huulizwa alilotumwa amelifikisha wapi.

Sadaka ilihesabiwa baada ya ibada, mezani, na wazee zaidi ya mmoja. Kila aliyehesabu alitazamwa na mwenzake, kiasi kikaandikwa na sahihi zikawekwa. Utaratibu huu haukutokana na kudhaniana wizi. Ulimlinda mzee maskini asije akasingiziwa, na ulimlinda mzee mwenye uwezo asije akajiona mfadhili wa Kanisa. Baada ya ibada kulikuwa na mnada nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, debe la mahindi. Aliyekosa fedha alileta alichokuwa nacho, na mwenye fedha akakinunua, pengine kwa bei iliyozidi ya sokoni, ili wote wawili wahesabiwe kuwa wametoa.

Kalenda ya baraza ilifuata kahawa. Wakulima wa mlimani walianza kujiunga katika chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikazaliwa. Tangu hapo wazee walijua kwamba ahadi ya jengo isidaiwe kabla ya malipo ya kahawa, na kwamba malipo ya awali huenda kwenye ada za shule na deni la dukani. Mabati, saruji na mbao za makanisa mengi ya mlimani zimetokana na hesabu hizo za uvumilivu.

Fedha ilikuwa ajenda mojawapo tu. Wazee walipokea majina ya watoto wa kubatizwa na kuuliza kuhusu wadhamini. Walisikiliza pingamizi baada ya ndoa kutangazwa. Walipanga zamu za kuwatembelea wagonjwa na wazee wasioweza kutembea, ili Meza ya Bwana iwafikie nyumbani. Walikaa na ndugu waliogombea mpaka wa kihamba, wakijua kwamba kesi hiyo ikifika mahakamani itakula kahawa ya miaka mingi na kuua undugu kabisa. Penye msiba walikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Marudi na uchungu wake

Historia ya kweli haina budi kutaja pia eneo ambalo benchi hilo liliumiza. Nidhamu ya Kanisa ilikuwa mikononi mwa baraza. Aliyekutwa katika ulevi wa mbege, aliyeoa mke wa pili, aliyekwenda kwa mganga, au waliokaa pamoja bila ndoa, waliwekwa chini ya marudi na kuzuiwa kushiriki Meza ya Bwana mpaka watubu na kurudi kundini. Nia ilikuwa kumrudisha mtu, na wengi walirudi.

Lakini mizani haikuwa sawa siku zote. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alionekana kwa macho. Mwanamume aliyehusika hakuonekana, na mara nyingi hakutajwa. Mmoja alisimama mbele ya usharika kutubu, mwingine aliketi akisikiliza. Mke wa pili, aliyeozwa na wazazi bila kuulizwa, alibeba uzito wa uamuzi wa watu wengine. Mabaraza yaliyokuwa na hekima yalijifunza kumwita na mwanamume, na kuupeleka mwito wa toba nyumbani kwa upole kabla ya kuupeleka madhabahuni. Mabaraza yasiyojifunza yalipoteza watu, nao hawakurudi hata baada ya adhabu kwisha. Jambo hili linastahili kukumbukwa katika mwaka wa shukrani, kwa sababu mamlaka ya benchi hayakuwahi kutegemea kanuni peke yake. Yalitegemea kama watu wa mtaa walimwona mzee wao kuwa mwenye haki.

Waliokosekana kwenye benchi

Kwa miaka mingi benchi lilikuwa la wanaume. Wakati huohuo waliopamba kanisa, waliobeba mchanga na mawe ya ujenzi, walioleta mikungu ya mnada na kukesha na wagonjwa walikuwa wanawake. Taarifa nyingi ambazo mzee alizitoa kikaoni alikuwa ameambiwa na mke wake jioni iliyotangulia. Mabadiliko yalikuja polepole. Wanawake walipoanza kuchaguliwa kuwa wazee wa kanisa, na hasa baada ya KKKT kukubali mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, ajenda zenyewe zilipanuka. Habari za kipigo majumbani, za watoto walioacha shule na za wajane zilianza kusemwa na watu waliozijua kutoka ndani. Vijana nao walipewa nafasi, ingawa katika sharika nyingi iliwabidi waisubiri mno.

Miaka ya misukosuko

Baraza la kijijini halikuweza kuchagua nyakati zake. Serikali ilipotwaa shule za mashirika ya dini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wazee walikabidhi majengo waliyoyajenga kwa mikono yao, na wakatafuta njia nyingine ya kuwafundisha watoto Neno. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, na tena bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mkataba wa kimataifa kuvunjika mwaka 1989, bahasha za ahadi zilipungua uzito. Vijana walishuka kwenda Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, na kanisa likajaa kweli tu mwezi Desemba wanapopanda kwa Krismasi.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vya Kilimanjaro navyo vilizika watu wa umri wa kulea. Mabaraza yaliyozoea kuuliza marehemu aliishije yalilazimika kuuliza kwanza watoto wake wataishije. Mzee aliyekuwa mlinzi wa nidhamu akawa mtu wa kutafuta sare za shule, na bibi aliyelea wajukuu watano akawa ajenda ya kudumu. Huenda hakuna jambo lililoyafundisha mabaraza rehema kwa kasi namna hiyo.

Urithi wa karne ya pili

Kitabu cha Kutoka kinaeleza jinsi Yethro alivyomshauri Musa asihukumu peke yake toka asubuhi hadi jioni, bali achague watu waaminifu wagawane mzigo. Matendo ya Mitume yanaeleza jinsi wale saba walivyochaguliwa kwa sababu ya wajane waliosahauliwa kwenye mgawo wa kila siku. Katika habari zote mbili uongozi wa pamoja ulizaliwa kutokana na uchovu wa mmoja na malalamiko ya wadogo. Historia ya mabaraza ya Kilimanjaro inathibitisha jambo hilohilo. Wamishonari waliondolewa mara mbili, shule zilichukuliwa, kahawa ilianguka, vijana walihama. Usharika ukabaki kwa sababu kulikuwa na watu waliokubali kuhesabu sadaka mbele ya wenzao, kuandika walichoamua, na kubisha hodi kwa jirani aliyekosekana ibadani.

Wazee watakaopokea benchi katika karne ya pili watakuwa na simu za mkononi na akaunti za benki, na pengine watatunza kumbukumbu katika kompyuta. Vyombo hivyo vitawarahisishia hesabu. Ila ajenda ya kwanza itabaki ileile ambayo wazee wa mwaka 1920 waliikuta mezani bila mmishonari wa kuwasomea: katika mtaa huu, ni nani hakuonekana Jumapili iliyopita, na ni nani kati yetu atakwenda kwake kabla ya Jumapili ijayo.