Kura, Namba na Viti: Uchaguzi wa 1958 Ukitazamwa Kutoka Hale

Neno kura tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya awali haihusu wabunge. Ilikuwa bahati nasibu. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanakumbuka kwamba Mathiya aliingizwa miongoni mwa mitume kwa njia hiyo. Aliyepiga kura hakutoa rai yake, bali aliiachia kudura. Maana tuliyoizoea leo, ya raia kumtaja amtakaye, ilijengwa juu ya hiyo ya kale, na inafaa tuulize imetimia kwa kiasi gani.

Tuitazame Hale, wilayani Korogwe, penye mto Pangani, reli ya Tanga na mashamba ya mkonge. Wengi wa wakata mkonge waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mkoloni, basi, alijua kuwahesabu. Jimbo la Tanga lilipotangulia pamoja na majimbo mengine kupiga kura Septemba 1958, hesabu ilibadilika: mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Ujira wa mkata mkonge haukukaribia kiwango hicho. Nchi nzima waliojiandikisha hawakufika 60,000, ilhali sensa ya 1957 ilikuta Waafrika zaidi ya milioni 8.

Hata aliyeandikishwa hakuwa huru. Kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na viti vitatu, cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu, na mpiga kura alilazimishwa kujaza vyote vitatu. Wazungu wapatao 20,000 wakapewa viti sawa na mamilioni. Huo ndio uchaguzi wa kura tatu. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, wengi ndani ya TANU walitaka kuususia; Nyerere akawashawishi washiriki, na uamuzi huo ukaitwa wa busara. Busara yenyewe ilikuwa ya hesabu: kwa kuwa Mzungu na Mwasia walihitaji kura za Waafrika, TANU iliweza kuwachagua wale waliokubaliana nayo. Wagombea wake, na wale iliowaunga mkono, walitwaa karibu viti vyote 30.

Kwa maoni yangu, ushindi huo haukuufanya mfumo kuwa wa haki. Ulionyesha tu kwamba kipimo kibovu chaweza, kwa werevu wa wapimwaji, kutoa jibu lililo karibu na kweli.

Kuondoka kwa ubaguzi wa rangi hakukuondoa tatizo. Mwaka 1995 NCCR-Mageuzi ilipata takriban asilimia 22 ya kura za ubunge na viti 16 vya majimbo. CUF, kwa asilimia 5 tu, ilipata 24, kwa kuwa kura zake zilikusanyika katika majimbo madogo ya Zanzibar. Za NCCR zilitapakaa bara nzima.

Tangu 2005 viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5. Kwa hiyo kura moja ya ubunge iliyopigwa Hale huhesabiwa kwa namna mbili: jimboni, ya aliyeshindwa haimpi kiti, katika viti maalumu, kura hiyohiyo huongeza fungu la chama chake.