Floridi ya Maji na Umri wa Ndama: Hoja ya Kupanga Upya Maji ya Mifugo

Mjadala wa floridi katika maji ya Bonde la Ufa huanza na kuishia kwenye tarakimu moja: miligramu 1.5 kwa lita, kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani limekipendekeza kwa maji ya kunywa ya binadamu. Tarakimu hiyo ni ya lazima, lakini haimtoshi mfugaji. Makala hii inatetea hoja kwamba kwa mnyama anayekua, kiasi cha floridi hakiwezi kupimwa uzito wake bila kujua umri aliokuwa nao alipokinywa, na kwamba ugawaji wa maji ya mifugo unapaswa kufuata umri huo.

Floridi ya ukanda huu hutoka kwenye miamba ya volkano. Maji yake yana sodiamu na bikaboneti nyingi lakini kalsiamu haba. Kalsiamu ingekuwa ya kutosha, ingeungana na floridi na kutua chini. Kwa kukosekana kwake, floridi hubaki majini. Ndiyo maana mito na visima kadhaa vya miteremko ya Mlima Meru huzidi kikomo hicho mara nyingi, na katika maziwa ya Momela floridi hufikia mamia ya miligramu kwa lita.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo mdomoni. Jino la kudumu la ng'ombe huundwa ndani ya taya muda mrefu kabla ya kuchomoza. Seli zinazojenga enameli hutandika kwanza protini, kisha protini hiyo huondolewa ili madini yajaze nafasi yake. Floridi ikizidi, uondoaji huo huchelewa na enameli hubaki dhaifu, yenye vitundu. Mfunue mdomo ng'ombe aliyeathirika: meno ya mbele ya taya la chini yana madoa meupe kama chaki, michirizi ya kahawia au nyeusi, na yamelika bila ulinganifu. Wengine huramba maji ya baridi badala ya kuyapiga mafunda, kwa kuwa meno huwauma.

Jino lililokwisha kukamilika haliharibiki kwa namna hiyo. Jozi ya kwanza ya meno ya mbele ya kudumu huchomoza mnyama akikaribia miaka miwili, na ya mwisho akikaribia minne. Kwa hiyo jozi yenye madoa hueleza ni kipindi gani alikunywa maji mabaya. Maziwa ya mama, kwa upande wake, hubeba floridi kidogo sana. Hatari kubwa kwa meno basi huanza ndama anapoacha kunyonya na kutegemea kisima. Mifupa haina kipindi kama hicho: hulimbikiza floridi maisha yote, hadi mingine kuota vinundu na mnyama kuchechemea.

Athari hizi haziishii kwenye sura ya meno. Katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, kulungu aina ya elk wanaoishi karibu na chemchemi za maji moto hupata floridi nyingi, pamoja na silika katika malisho. Watafiti wamebaini kwamba meno yao huisha mapema na maisha yao hufupika kuliko ya wenzao wa maeneo mengine. Mnyama asiyeweza kutafuna hudhoofu hata malisho yakiwa tele.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa maji. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliweka kikomo cha miligramu 40 za floridi kwa kilo ya chakula kikavu cha ng'ombe wanaokua. Chukua mtamba anayekula kilo 8 za chakula kikavu na kunywa lita 30 za maji yenye miligramu 5 kwa lita. Maji peke yake humpa miligramu 150, sawa na takriban miligramu 19 kwa kila kilo ya chakula, yaani karibu nusu ya kikomo. Bado hajalamba magadi, ambayo nayo huwa na floridi.

Wapo wanaotaka hoja hii ijengwe juu ya madhara ya ubongo. Hapo tahadhari inahitajika. Mwaka 2018, Mpango wa Taifa wa Sumu wa Marekani ulichapisha utafiti wa panya waliopewa maji yenye miligramu 10 na 20 kwa lita tangu wakiwa tumboni. Haukuona upungufu wa kujifunza uliotokana na floridi. Suala hilo liendelee kuchunguzwa, lakini sera ya mifugo haina haja ya kulisubiri. Meno na mifupa vimekwisha kutoa ushahidi.

Mkaa wa mifupa, uliofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, husafisha maji ya kaya, lakini ni vigumu kukidhi kiu ya kundi zima. Basi maji machache yaliyo salama, hasa ya mvua, yatengwe kwa ndama na mitamba hadi meno yao ya kudumu yakamilike, na wasipewe magadi ambayo hayajapimwa. Maofisa mifugo waandike hali ya meno kila wanapochanja, na wahandisi wa maji wapime visima vya kunyweshea sawasawa na vya nyumbani. Shirika la Chakula na Kilimo limekwisha kupendekeza kikomo cha miligramu 2 kwa lita kwa maji ya mifugo. Kinachotakiwa sasa ni kukitekeleza kwa kuanza na wanyama wachanga.